Mnanaa wa Njiani

Huko Uajemi palikuwa na bustani ya dawa yenye vitalu vinne, na mfereji wa maji ukipita katikati. Aliyeipanga alikuwa bibi wa Kalunguyeye. Bibi alipofariki, mjukuu aliogopa kukosea hata kidogo. Alipima kila kitalu kwa unyasi: waridi hapa, rihani pale, zafarani kule. Mnanaa uliokuwa umetapakaa njiani aliung'oa wote, akaupanda kitaluni kwa safu.

Siku moja akaja mzee Kobe, rafiki wa bibi. Siku kumi chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Kalunguyeye akamchemshia mnanaa, lakini Kobe akageuza shingo.

"Kunywa, babu, la sivyo utakufa!"

"Bustani imenyooka, mjukuu wangu. Ila hainukii."

"Hainukii? Nimepanda mashina arobaini ya mnanaa!"

"Na nani anayakanyaga? Bibi yako aliupanda njiani makusudi. Sisi wagonjwa tulijikokota kwenda mferejini, tukiuponda kwa miguu, harufu ikitupanda puani. Tukifika majini, njaa imeshaturudia. Naye nyuma anatucheka, 'Haya, wavivu, tembeeni!'"

Kalunguyeye akaitazama njia yake safi, akaona haya. Aling'oa safu nzima, akaitandaza chini.

"Haya, mvivu," akasema. "Tembea."

Kobe akakanyaga. Harufu ikapanda, ile ile ya mikono ya bibi, na Kalunguyeye akalia bila kujificha. Alipoinua uso, Kobe alikuwa mferejini, anaulizia matango.