Mbele Pepesi

Tela iliinamia nyuma, ikanyanyua mkia wa pikapu mpaka matairi yakakaribia kuacha ardhi.

"Acheni!" Mama Kunegunda akapiga kelele kutoka barazani. "Leonce mwanangu, hiyo haitembei. Uzito wote uko nyuma."

"Ni mashine ya kusaga tu, mama, si tembo."

Lakini mama aliijua tela. Marehemu mumewe aliendesha trekta la ushirika, kabla ushirika haujafungwa na kila mtu kuambiwa ajitafutie. Mashine hiyo ndiyo aliyomwachia. Nusu ya mtaa wa Msamala walisaga kwake, mpaka injini ilipopasuka. Leonce alikuja kutoka Dar bila kuitwa, aipeleke kwa fundi kule Makambako. Mtoto mwema.

"Isukumeni ikae juu ya matairi, halafu mbele kidogo."

Ilifika juu ya matairi, ikagoma. Majirani wakahema. Mbele ya tela pakabaki pepesi.

"Basi twende hivyo hivyo," Leonce akasema.

"Kwenye mteremko itayumba, ikutupe korongoni. Nina mtoto mwingine mimi?"

Akaingia ndani. Yakatoka magunia yake ya mahindi, yakapangwa mbele. Akaikanyaga tela kwa mguu, bado. Likatoka kabati la vyombo. Kikatoka kitanda cha mninga, kikafuata cherehani.

"Nitarudi navyo vyote, mama." Kanga ilikuwa imemdondoka, Leonce akaiokota, akamfunika mabega taratibu.

Jirani Otto akacheka. "Mama Leonce, umebaki wewe tu kupakiwa!"

"Nicheke tu. Mwanangu atafika."

Sasa tela ilikaa sawa. Akavuta kila kamba kwa mkono wake, akampa Leonce viazi vya kuchemsha vya njiani, akamchora msalaba kwenye paji la uso. Leonce hakumtazama. Gari likaondoka, tela nyuma yake imenyooka, haiyumbi hata kidogo. Mama alisimama barabarani mpaka ikapotea, moyo umetulia.

Alikuwa akifagia pale kitanda kilipokuwa, hodi ikabishwa. Mwanamume na mkewe walisimama mlangoni na magodoro yao, ufunguo mkononi.

"Shikamoo, mama. Mimi Muhsini, ndiye niliyenunua nyumba kwa Leonce."

Akachungulia ndani, uso ukamng'aa.

"Alisema tutaikuta tupu. Kumbe hata umetufagilia! Mwenyezi Mungu akulipe."