Ushanga wa Zamda

Mambo yaliharibika Jumatatu ya pili baada ya Idi, siku wakubwa wa hospitali walipouchukua mzani wa watoto kwenda kuutengeneza, wasiurudishe. Tangu hapo Zamda alipimwa kwa macho tu. "Anakua, Baba Zamda," nesi alikuwa akisema, na Mbaruku alimbeba mwanawe wakarudi nyumbani.

Mzani mpya ulipoletwa, nesi alimning'iniza Zamda, akatazama mshale, akaandika kwamba uzito umepungua.

"Mbovu na huo," Mbaruku alisema. "Wakubwa wenu wanajua kula tu."

"Mzani ni mzima, baba."

"Basi tazama ushanga wake wa kiunoni. Marehemu mama yake alimvalisha, akaniambia ukimbana nijue anakua, ukilegea nikimbilie hospitali. Si huo umembana?"

Nesi aliuvuta kwa kidole. Kweli ulibana, lakini uzi ulikuwa mpya.

"Nani aliufunga upya?"

"Mimi. Ulikuwa unateleza mpaka magotini, nikaogopa utapotea. Kila ukilegea, natoa shanga chache, nakaza."

Mbaruku aliyasikia maneno yake mwenyewe. "Wangetuachia ule mzani," alisema, kwa sauti ndogo sasa. Alitoa mfukoni kitambaa cha marehemu, akakifungua juu ya meza. Shanga alizozitoa zilijaa kiganja.

Zamda alinyoosha kijimkono chake chembamba, akaokota moja nyekundu.

"Na hizi, baba, utanivalisha lini?"