Vidonge vya Macho

Kwa miaka minne Mwanahawa, msusi wa sokoni, alimeza vidonge vikali vya vitamini A kila asubuhi, kwa sababu ugonjwa wa kurithi uliompofusha mama yake ulikuwa sasa unamla macho yeye. Tayari alimwona tu mtu aliyesimama mbele yake. Wa pembeni alimsikia tu, hakumwona.

Siku hiyo daktari wa zahanati alisoma majibu ya mkojo, kisha akakisogeza kichupa cha vidonge mbali na Mwanahawa.

"Una mimba, mama. Vidonge hivi, kwa wingi huu, vinaweza kumlemaza mtoto. Acha leo hii."

"Na macho yangu? Nitasuka vipi?"

"Sikufichi. Haviponyi. Labda vinachelewesha, labda hata hilo hapana."

"Na mtoto, naye atarithi?"

"Huenda."

Mwanahawa akakichukua kichupa, akavimwaga vidonge vyote kwenye ndoo ya taka na kumshukuru daktari.

Alipokuwa akitoka, bega lake liligonga fremu ya mlango. Alisimama palepale, mikono yote miwili tumboni, huku wagonjwa wengine wakimpita kushoto na kulia.