Kiraka Cheupe

Risasi ya kwanza ya Mwaba ilipita juu kabisa ya shabaha ikazama katika kichuguu kilicho nyuma yake. Casimir, aliyejibanza ndani ya handaki chini ya shabaha, alishtuka. Miezi minne alikuwa akiandika risasi za Mwaba katika daftari, na hakuwahi kumwona akiikosa karatasi.

Ya pili nayo ikapita juu. Hapakuwa na upepo wa kusingiziwa. Moshi wa tanuri la shaba, kule mjini Élisabethville, ulikuwa umesimama wima.

Wala si Mwaba peke yake. Jumatano hiyo kambi nzima ilikuwa imesahau kulenga. Luteni aliliita zoezi hilo mashindano, na wanane wa kwanza wangepewa kila mmoja blanketi jipya. Lakini siri za kambi hazikai. Kila askari alijua kwamba wanane hao ndio watakaopangwa mstari Ijumaa mbele ya Kalaba, mwenzao aliyehukumiwa kifo kwa kumuua sajini. Nani alitaka blanketi la namna hiyo?

Kazi ya Casimir ilikuwa rahisi. Risasi ikipiga, anaonyesha tundu kwa fimbo ndefu, anaandika alama, halafu anabandika juu yake kiraka cheupe cha karatasi, duara analolikata mwenyewe kwa mkasi, ili tundu lisihesabiwe mara mbili. Katikati ni kumi. Nje ya karatasi ni sifuri. Luteni, mita mia mbili kule nyuma, aliamini fimbo na daftari.

Jana yake Mwaba alikuwa amemfuata kisimani.

"Casimir, rafiki yangu, nakuomba. Hata nikipiga muzuri, andika zéro. Mi siwezi kumupiga Kalaba. Tulikulaka naye mu sahani moja."

"Nimesikia."

"Weye uko unamupelekea bukari kila siku kule mu buloko, juu iko muntu wa kwenu Kambove. Unamuhurumia. Basi utuhurumie na siye."

Ni kweli, kila siku alimpelekea Kalaba ugali kule gerezani, wala kambini hakuwahi kusema zaidi ya kwamba ni mtu wa kwao. Huruma alikuwa nayo tele, ila haikuwa na pa kwenda. Alishamwendea luteni kumwombea Kalaba, akafukuzwa. Padri aliandika barua, haikujibiwa. Kilichombakia mkononi ni penseli.

Sasa risasi ya tatu ya Mwaba ikapita juu. Casimir akaitazama ile karatasi safi. Akaishika penseli, akatoboa tundu katikati kabisa. Kisha akainua fimbo na kuonyesha.

Kumi.

Kule nyuma makelele yakakatika. Mwaba hakuweza kulalamika. Askari gani angemwambia luteni wake kwamba amekosa makusudi? Akafyatua tena, juu zaidi, na Casimir akatoboa tena.

Alifanya vivyo hivyo kwa wengine saba, wale ambao mikono yao aliijua vizuri kuliko sura zao. Na kuruti mmoja, ambaye siku zote risasi zake hutawanyika kama mtama uliomwagika, alipobahatisha katikati mara tatu, Casimir alibandika viraka upesi na kumwandikia sifuri. Alijichukia. Aliandika hivyo hivyo.

Saa sita orodha ikabandikwa. Luteni aliisoma akitabasamu. Mwaka uliopita, kumpiga mtu mwingine aliyehukumiwa, walichukuliwa askari waliokuwa karibu tu, bila kuchaguliwa kwa shabaha, na mtu yule, aliyejeruhiwa tu, alilia chini mpaka jua likapanda. Kambi nzima ilimsikia.

Mwaba alimkuta Casimir akiosha gundi mikononi.

"Nilikufanya nini?"

Casimir aliendelea kusugua gundi vidoleni.

"Nakuuliza, Casimir! Nilikufanya nini?"

Mwaba akatema mate chini, akaenda zake. Casimir alitamani kumkimbilia, lakini angemwambia nini?

Nyumbani, mama yake Hortense, aliyefika juzi kwa treni, alikuwa ameketi mkekani na sindano mkononi. Hakumuuliza kama amekula.

"Umebachagua?"

"Bako munane, mama. Bote benye mukono wa kweli."

Hortense akakata uzi kwa meno. Akalikunjua shati la bluu alilokuwa akilishona, akalilaza magotini na kulinyoosha. Kifuani, upande wa kushoto, alikuwa ameweka duara la kitambaa cheupe, kipimo kile kile cha viraka vya Casimir.

"Umupelekee Kalaba kesho, pamoja na bukari yake," akasema. "Na umuambie mudogo yako asitikisike."