Kumi za Darasani, Tatu za Nyumbani

Jumanne, kwenye mkutano wa wazazi, Mzee Mahona alisimama kwa mara ya tatu, na bado hakuna aliyempa nafasi ya kusema. Hakuhitaji kupewa. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule, na sauti yake hata ukiwa stesheni ya Goweko unaisikia.

Hoja ilikuwa ileile. Alama za mwisho za mtihani wa darasani zijumlishwe na za daftari la nyumbani, zigawanywe kwa mbili. Lengo, saba kati ya kumi. Asiyefika atarudia darasa la nne, awe mtoto wa nani. Babu yake yeye, alisema, alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani, na njia nzima hakubembelezwa mtu.

Wazazi wakapiga makofi. Wengine walipiga ili aketi.

Ndipo Mwalimu Julieth, anayefundisha Kiswahili, akabandika ukutani karatasi kubwa yenye mistari. Ameijaza tangu Machi, kila mtoto na alama zake, ili ajue nani arudiwe somo gani. Walio chini ya lengo amewaandika kwa kalamu nyekundu. Akamwomba mwenyekiti awasome.

Mzee Mahona akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali. Miwani nimeiacha nyumbani, akasema, soma wewe, Mwalimu. Miwani hiyo nayo ilipenda kukaa nyumbani; kanisani haiji, kwenye chama cha tumbaku haiji.

Mwalimu akasoma. Jina la sita lilikuwa Jeska Mahona, binti wa mwenyekiti.

Mama mmoja akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

Mwalimu Julieth akaeleza harakaharaka. Darasani Jeska anapata kumi. Daftari la nyumbani ndilo linalomvuta: Machi sifuri, Julai moja, sasa tatu. Kumi na tatu, gawa kwa mbili, sita na nusu. Mwalimu mkuu akasema, macho yakiwa darini, kwamba mtoto wa namna hiyo huwa anachungulia kwa jirani. Mwalimu Julieth akajibu kuwa wiki mbili sasa amemkalisha peke yake dirishani, na kumi bado ni kumi. Majina ya wanaorudia yanapelekwa Ijumaa. Kabla ya hapo ataenda kwao, akajionee.

Kuanzia Jumanne ile Mzee Mahona hakukaa akatulia. Asubuhi alimwagilia kitalu cha tumbaku, mvua ikanyesha, akamwagilia tena. Ugali alikula amesimama. Alimuuliza Jeska kama kamati inaweza kufuta ilichokwisha kupitisha.

"Baba, si mmeshapigiwa makofi?"

Alhamisi alasiri Mwalimu Julieth akaingia uani na baiskeli yake. Shikamoo Mwenyekiti, akasema. Marahaba ikamjia kutoka kwa mtu aliyempa mgongo, maana mzee alishaondoka kwenda kuhamisha mbuzi aliyekuwa anakula vizuri tu pale alipo.

Mwalimu akamkalisha Jeska mkekani, akampa kihadithi na maswali matano palepale. Maji ya chai hayajachemka, mtoto amemaliza. Yote sahihi, mwandiko mdogo, umepangika kama mtama kwenye suke.

Akafungua daftari la nyumbani, akaliweka kando ya karatasi ya majibu hayo. Humu herufi zilikuwa nene, kalamu imekandamizwa mpaka ukurasa umetoboka, na pembeni pana doa la utomvu wa tumbaku.

"Baba anakutuma sana shambani, unaandika umechoka?"

"Hapana, Mwalimu. Jioni hanitumi popote. Tunakaa naye hapahapa."

Mzee Mahona alikuwa amesharudi, na mbuzi bado yuko naye kwenye kamba.

"Mwenyekiti," akasema Mwalimu Julieth, "mtoto anayeelemewa na kazi, alama zinashuka. Hizi zinapanda, kidogokidogo, kama za mtu anayehangaika kujifunza. Na Jeska hapa hana la kujifunza. Kesho napeleka majina. La kwake nilikate au niliache?"

Jeska akainamisha kichwa. "Nimeahidi sitasema," akanong'ona.

Mzee akaiachia kamba. Mbuzi akaondoka na shughuli zake. Mzee akatazama njiani, huku na huku. Hapakuwa na mtu. Akaja, akakaa mkekani, mara ya kwanza tangu Jumanne, akalivuta daftari magotini na kuweka kidole juu ya wino mwekundu.

"La mtoto likate," akasema, kwa sauti ambayo hata mbuzi asingeisikia. "Lakini hii namba nne, Mwalimu, mbona uliniwekea kosa?"