Mbwa wa Kuongezewa

Uvumi aliupata saluni, kichwa kikiwa ndani ya beseni la kuoshea nywele: filamu ya binti yake imeongezewa mbwa.

"Mbwa wanne, Arlene," Marisol, msusi wake, alimnong'oneza huku akimsugua povu. "Wote sura moja, waigize mbwa mmoja. Shemeji yangu ndiye anayewafundisha. Wiki ya pili sasa wanapigwa picha, na mwongozaji hata kivuli chake hakionekani."

"Mwongozaji ni Corinne wangu."

"Ndiyo maana nakwambia, shoga'angu."

Arlene alitoka na nywele mbichi. Kwenye filamu ya Corinne mbwa alikuwepo mmoja tu, wa jirani, tena kwa nusu dakika: anaingia, analala miguuni pa bibi, basi. Filamu ilikuwa ya bibi. Na bibi mwenyewe alikuwa mama mzazi wa Arlene, aliyefia Bakersfield ndani ya nyumba ya magurudumu, simu mkononi, akingoja binti yake ampigie. Binti hakupiga. Corinne alihangaika miaka saba kuisimulia habari ile bila kuiremba, na Arlene, ambaye ndiye binti asiyepiga simu, alimpa baraka zake.

"Iseme ilivyokuwa," alimwambia. "Labda mwingine atamkumbuka mamaye."

Na zamu yake aliifanya. Mwezi Machi, studio ilipookota watu madukani waje kuitazama bure kabla haijakamilika na kujaza kadi za maoni, Corinne alimpenyeza. Ndugu hawaruhusiwi, lakini huko Burbank kwenye mastudio hakuna mwongozaji asiyeingiza wake.

"Mama, nisikilize. Andika jina la uongo. Usilie. Usilaumu hata kitu kimoja. Hawa wanatafuta kisingizio tu, na mkasi wa kuikatakata filamu wameshika wao, mkataba ndivyo unavyosema."

"Kwani mimi mtoto?"

Alitii. Jina aliliokota kwenye matangazo ya vifo ya gazeti la asubuhi. Kadi aliijaza mstari kwa mstari, kwa mwandiko wake wa darasa la sita, na hakulaumu kitu. Alisifu tu. Hata penseli yao fupi alijisahau akaondoka nayo.

Sasa, mchana wa uzinduzi, alikaa safu ya nne, Corinne ubavuni pake, mikono imebana magoti.

Mbwa alitokea kabla ya bibi. Mbwa alipanda basi. Mbwa alivalishwa kofia. Bibi alipozidiwa, mbwa aliibonyeza simu kwa pua, gari la wagonjwa likaja linapiga kelele, binti naye akaja mbio na maua, na mwisho wote watatu wakacheza muziki uani, bibi mzima kama kigori.

Ukumbi ulipiga makofi. Arlene aliziweka chini bisi za studio, akaziba mdomo kwa kitambaa. Mama yake ametulia kaburini Bakersfield, na hawa wamemfukua wamchezeshe, wapate kuuza vidoli vya mbwa. Vidoli vyenyewe vilikuwa vimerundikwa mlangoni, vyenye ndimi nje.

Majina yakapita. Penye mwongozaji palisomeka jina la mtu asiyekuwepo duniani. Corinne alikuwa ameomba lake litolewe. Miaka saba, na hakubakiwa hata na herufi.

Nje, penye vinywaji, Brent Halvorsen, mkubwa wa studio, aliwajia meno yote nje.

"Corinne! Bado umeninunia?"

"Umemfufua bibi yangu, Brent."

"Mimi? Muulize mtazamaji!" Alicheka, akanywa. "Haki ya Mungu nilikuwa naiacha ilivyo. Kadi mia tatu, zote zimepooza. Kisha nikakutana na moja. Mama wa makamo, kaandika habari za mbwa mpaka penseli imetoboa karatasi. Nikasema, huyu ndiye mteja wetu. Nimeitia kwenye fremu, iko ofisini. Wilhelmina Crouch. Silisahau jina hilo."

"Nami silisahau," Corinne alisema. "Siku nikimpata, ataila hiyo kadi, na fremu yake."

Ndani ya gari, kwenye taa za pili, Corinne alimgeukia.

"Mama, wewe ulikuwepo siku ile. Hukumwona huyo mwanamke?"

Arlene alikuwa anatazama dirishani.

"Watu walikuwa wengi, mwanangu."

Corinne alimshusha, akageuza gari, akaenda zake. Arlene hakuvua hata koti. Alichukua karatasi, akatafuta ndani ya mkoba kitu cha kuandikia, akaikuta ile penseli fupi, akaandika polepole. Akaibandika kwenye mlango wa friji, pale ambapo kila Jumapili Corinne hupitisha mkono kuchukua maziwa.

Usipokee tiketi ya bure mlangoni mwa duka.

Usile bisi za studio.

Usiende na penseli ya watu.

Usidhani sifa haziui.

Usiazime jina la marehemu. Wilhelmina Crouch wa watu hawezi kujitetea.

Usimshukuru mbwa kwa kulala miguuni pa mama yako, mahali pako.