Kataa Yangu ya Pekee

Jamani, leo nimetimiza miaka kumi na nane na Kataa yangu imeingia kwenye simu! Kila kijana anapewa moja tu maishani. Ukiibonyeza, serikali lazima iache jambo ililolipanga. Jambo dogo linasimama kwa Kataa moja, ila kubwa linataka vijana wengi.

Tangu asubuhi naheshimiwa kama mkwe. Mama kanipikia pilau, na mjomba Bosco katoka Kilosa na jogoo.

"Mjomba, jogoo wa nini tena?"

"Wa kukupongeza tu. Ila ile barabara itakayopita hapa kwenu unaikumbuka, eh?"

Nitaisahauje? X nyekundu iko ukutani, na Jumatatu wanabomoa nyumba yetu; Kataa yangu moja ingetosha kuwazuia. Lakini mimi na vijana wenzangu tumeahidiana kuuokoa usikatwe msitu wa mlimani unaotupa maji mji mzima.

"Yusta, imebaki kidogo mno tufikishe idadi, usituangushe!" kaandika Feruzi kwenye kundi letu.

Nikamsomea Mama. Akaniongezea nyama.

"Kataa ni yako, mwanangu. Bonyeza unapoamini."

Mjomba akaguna. Nikabonyeza msitu.

Kabla sijamaliza kula simu ikalia: mashine za kukata miti zinaondolewa! Tumeweza! Nje vigelegele, vijana wanaimba jina langu. Nikakimbilia chumbani nikamkumbatie Mama.

Nikamkuta kapanda kwenye kiti, anashusha mapazia.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Hebu nishikie kiti, kinayumba."